Hina au piko kwa maua ya harusi?

Kwa haraka, piko, yaani rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, inashinda. Hukauka ndani ya saa moja na weusi wake huonekana papo hapo, hata mgongoni mwa mkono, ambako hina hufifia. Hina inataka subira: unga ukandwe kwa ndimu na sukari kidogo, ulazwe, kisha ukae mkononi saa 6 hadi 8 na ubanduliwe bila maji. Kwanza hutoka rangi ya chungwa. Wekundu uliokolea huja baada ya siku 2. Viganjani na nyayoni ndiko hushika zaidi.

Tatizo la piko ni kwamba nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali ya kutia weusi. Ngozi ikiikataa, malengelenge hufuata mistari ya ua lenyewe, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, na kovu huweza kubaki. Kutodhurika mara ya kwanza si kinga. Na "hina" inayokuwa nyeusi tii kwa saa moja ni piko tu, pakiti ndiyo tofauti.

Bibi harusi mwenye siku 3 achore hina. Mgeni wa leo jioni ataona piko inamfaa, ila aliyewahi kuwashwa na rangi ya nywele asiiguse. Mtoto mchanga asipakwe chochote.