Mashine ya kukaushia chakula: nilivyoitumia kwa kaa wangu wanne

Nina kaa wanne wa nchi kavu, wale wanaobeba makombe ya konokono. Niliachiwa na jirani yetu wa South B alipohama, pamoja na kopo la chakula chao cha dukani. Kwenye lebo nikakuta salfeti ya shaba. Shaba ikizidi ni sumu kwa kaa, na lebo haikusema imetiwa kiasi gani. Kopo nikalitupa, nikaanza kuwakaushia chakula mwenyewe.

Mwanzoni nilitegemea jua. Januari na Februari, boga lililokatwa membamba hukauka darini kwa siku mbili tatu. Lakini Julai ya Nairobi mnaijua: mawingu kutwa, manyunyu, baridi. Karoti zangu ziliota ukungu zingali kwenye ungo. Hapo ndipo nilipotoa shilingi 6,500 nikanunua mashine ya umeme ya trei tano.

Sijutii. Ndani ni feni na kikanza tu, ila joto unalipanga. Mboga na matunda naweka nyuzi 55, na baada ya masaa manane karoti inakatika "tak" ukiikunja. Kipande kinachopinda bado kina maji, kitaoza ndani ya chupa. Wati 500 kwa masaa manane ni uniti 4 za stima, kwa hiyo siwashi mpaka trei zote zijae.

Natia boga, karoti, embe, nazi, omena na terere. Kwenye terere ndiko nilikokuwa mkali. Dawa inayoua vidukari itaua kaa vilevile, maana kaa na wadudu ni ukoo mmoja. Nilimuuliza mama mboga wangu kama yake imepuliziwa.

"Hiyo imejiotea nyuma ya nyumba, kastoma. Dawa ya nini?"

Tangu hapo nanunua kwake tu, na bado naiosha mara mbili. Omena naisuuza mchanga utoke, kisha nairudisha kwenye joto la nyuzi 70. Chumvi ya mezani na viungo vya jikoni sitii kabisa. Maganda ya mayai hayahitaji mashine: nayachemsha, yakikauka nayatwanga, nao wanapata chokaa ya kujengea gamba.

Kasoro zipo. Matundu ya trei ni makubwa mno, terere ikikauka inadondokea feni. Nilitaka kutandika kipande cha chandarua, nikakumbuka vyandarua vingi vimetiwa dawa ya mbu. Nikakata neti mpya ya pazia. Trei ya chini hukauka kabla ya nyingine, lazima uzibadilishe katikati. Na siku ya omena, fungua madirisha yote.

Chakula nawawekea jioni, kijiko kimoja cha chai, na asubuhi naondoa kilichobaki, kwa sababu boksi lao lina unyevu wa asilimia 80 na kitu kikavu hulowa upesi. Mwezi wa tisa yule mkubwa aliibuka mchangani baada ya wiki sita za kujivua gamba. Alikuwa amekwisha kula gamba lake la zamani, nikaona miguu tu imesalia. Usiku huo alisimama kwenye kisahani, akawa anaokota unga wa maganda ya mayai kwa gando dogo la kulia, chembe baada ya chembe, kisha akahamia kwenye nazi.