Kozi ya nadharia za mageuzi: masomo safi, mitihani ndo shida

Juzi nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya baolojia ya mageuzi, ya wiki sita. Niliilipia kwa wasiwasi kidogo, nikidhani ntapewa zile stori za nyani na binadamu halafu basi, kumbe karibu kozi nzima inazunguka swali moja: hawa watu wanajuaje?

Mwalimu anaanza na neno lenyewe. Sisi mtu akisema "hiyo nadharia tu" anamaanisha maneno matupu si ndio, sasa kwenye sayansi nadharia lazima itoe ubashiri, tena ubashiri unaoweza kuiumbua. Mfano wake ni Tiktaalik, samaki wa kale aliyebaki kwenye mawe kama kisukuku. Kina Neil Shubin, watafiti wa visukuku, walijua miamba ya zamani zaidi ina samaki watupu na ya baadaye ina wanyama wa miguu minne, kwahiyo wakasema kiumbe wa katikati atakuwa kwenye miamba ya miaka kama milioni 375, iliyotokana na mito ya kale, wakaenda kisiwa cha Ellesmere kaskazini kabisa mwa Kanada, wakachimba misimu kadhaa bila kumwona, mwaka 2004 wakampata. Samaki mwenye shingo jamani!

Ila somo lililonishika ni la nondo wa Uingereza, wale wadudu wanaofanana na vipepeo, wapo weupe na weusi. Miaka ya 1950 mtafiti Kettlewell alionyesha kwamba ndege wanawala zaidi wale ambao rangi yao haifanani na mti waliotua. Baadaye wakosoaji wakasema subiri kwanza, uliwaweka kwenye mashina mchana, wenyewe kwa kawaida wanatua hapo kweli? Wengine wangenuna, mtafiti mwingine, Michael Majerus, akarudia kazi upya, 2001 mpaka 2007, nondo 4,864, akiwaacha wachague pa kutua usiku. Weusi ndo walioliwa zaidi, maana hewa ilishakuwa safi na miti haina masizi ya viwanda tena, kwahiyo weusi wanaonekana kirahisi. Alifariki 2009, wenzake wakachapisha matokeo 2012. Hilo somo nimelirudia mara tatu.

Bakteria wa mtafiti Richard Lenski nao wamo, zile koo 12 alizoanza kuzikuza maabara 1988 aone zinavyobadilika, sampuli zinagandishwa kila baada ya vizazi 500 ili iwezekane kurudi nyuma na kuanza tena kutoka hapo. Nzuri, ila video sauti inakwaruza.

Sasa kero. Nadharia ya mtafiti Motoo Kimura ya 1968, kwamba mabadiliko mengi kwenye molekuli (yaani DNA na protini) yanaenea kwa bahati tu bila faida wala hasara, imepitishwa mbio mbio kama mtu anakimbilia basi, wakati bila hiyo unatoka unadhani kila kitu mwilini kina kazi yake. Na mitihani ndo kichekesho, wiki sita unafundishwa kuuliza "ingekuwaje kama si kweli", ukifika kwenye mtihani unaulizwa nani aligundua nini mwaka gani.

Nyota nne. Cheti bado sijapewa, nimefeli mtihani wa wiki ya tatu kwa kukosea mwaka.