Kilomita Kinazijua, Saa Kinabahatisha

Dada alikuwa anaruka kutoka London kwenda Tokyo, nami nikapewa kazi ya kuwajulisha ndugu atatua lini. Tiketi yake sikuwa nayo. Nikafungua kikokotoo cha umbali wa ndege mtandaoni, vile unavyoandika majina ya miji miwili kikakuchorea mstari kwenye ramani.

Kwanza nikipe haki yake. Umbali hakikukosea: kilomita 9,600 hivi. Mstari ulivyopanda juu hadi kaskazini mwa Urusi kama upinde, nilidhani mchoro umeharibika. Nikachukua tufe la dunia la mwanangu, nikabana uzi kwa kidole juu ya London na kuukaza mpaka Tokyo. Ukapita kulekule, Skandinavia kisha Siberia. Kumbe ramani bapa ndiyo inayotupotosha. Nimependa pia kinavyotenganisha maili ya kawaida, kilomita 1.609, na ile ya baharini wanayotumia marubani, kilomita 1.852.

Sasa muda. Kiliandika "saa 11 dakika 48". Nikaituma vilevile kwenye kundi la familia, mjomba akasoma kuwa anatua saa kumi na moja jioni, akaanza kuuliza ya jioni ipi. Aliyetafsiri ukurasa ule angeongeza neno "muda wa" tu angetuokoa.

Lakini hilo dogo. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na miwani, hesabu yao imeelezwa: umbali ugawe kwa kilomita 850 kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Imekwisha. Upepo hakiujui. Ukipima London na New York, kwenda na kurudi kinakupa muda uleule, ilhali ndege inayotoka New York husukumwa na upepo mkali wa juu unaovuma kuelekea mashariki, ikaokoa takribani saa nzima. Wala hakina habari kwamba tangu 2022 mashirika ya Ulaya na Japani yameacha kupita anga la Urusi, yaani ule upinde mzuri niliouthibitisha kwa uzi, ndege ya dada isingeufuata.

Saa kumi na mbili zikapita, kimya. Simu zikaanza: "Mbona hajatua?" Nikasema ni foleni ya uhamiaji. Alitua baada ya karibu saa 14, mzima, akashangaa kukuta jumbe 31.

Kwa kupima umbali nakipa nyota tano, kwa muda moja, nayo ni ya huruma. Safari ya kurudi nilimwomba dada picha ya tiketi. Ndege ilitoka Tokyo ikaelekea mashariki, ikapitia Alaska na Greenland mpaka London, maana yake ameizunguka dunia nzima. Kikokotoo nilikiangalia tena jana: saa 11 dakika 48.