Kigeti cha ngazi cha mninga: maoni yangu baada ya miezi minane ya kukitumia

Nyumba tunayoishi Mkunazini ina ngazi ya vidato 18, nyembamba na iliyosimama kama zilivyo ngazi nyingi za Mji Mkongwe, na binti yangu wa miaka miwili na nusu anaamini kwamba kila kizuri cha dunia kiko chini yake: paka wa jirani, baraza, sauti ya muuza kashata. Ni mtoto mtundu, na neno hilo nalitamka kwa furaha, kwa kuwa mtoto anayetaka kujua kila kitu ni neema ndani ya nyumba. Lakini siku niliyomkuta kwenye kidato cha tatu amekumbatia mbuzi ya kukunia nazi, meno ya chuma yakimwelekea kifuani, nilijua kwamba kumwita kwa sauti hakutoshi tena.

Kwanza nilinunua kigeti cha chuma kilichotumika, katika duka moja la bidhaa za mtumba. Kilikuwa cha aina inayojishikilia kwa kubana, yaani skrubu nne zenye vichwa vya mpira husukuma kuta za pande mbili. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ya zamani ni laini. Baada ya siku chache vichwa vile vilikuwa vimechimba plasta na kigeti kikawa kinacheza. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba aina hiyo haifai kabisa kuwekwa juu ya ngazi, hata ukuta ukiwa wa saruji, kwa sababu mtoto akiegemea kwa nguvu huweza kung'oka nacho, na kile chuma cha chini kinachobaki njiani mlango ukiwa wazi humkwaza mtu mzima aliyebeba mtoto.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi seremala mmoja wa Jang'ombe, na kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Alikuja mwenyewe kupima, akapima upana wa ngazi chini na juu, kwa kuwa kuta za nyumba hizi hazikunyooka. Tofauti ilikuwa sentimita nne nzima. Hakutoboa ukuta hata mara moja. Upande mmoja bawaba zimefungwa kwenye nguzo ya mbao ya ngazi, na upande wa pili alisimamisha mhimili wa mninga ulioshikwa na fremu ya mlango wa chumba. Fito zote zimesimama wima, hakuna hata moja iliyolala, kwa sababu ufito uliolala ni kidato kwa mtoto anayependa kupanda. Nilimwomba nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6.5, kipimo kinachofuatwa Ulaya kwa vigeti vya namna hii ili kiwiliwili cha mtoto kisipenye na kichwa kikabaki kimenaswa, naye akaziweka kwa sentimita sita. Mlango hufunguka kuelekea ukumbini wala haufunguki juu ya ngazi. Mbao hazikupakwa rangi wala vanishi, zimepigwa msasa tu mpaka zikawa laini, na hilo lilinifurahisha sana, maana binti yangu hutafuna kila kilicho usawa wa mdomo wake.

Mama mkwe wangu hakukubaliana nami. Aliniambia, "Mwanangu, mtoto akililia wembe mpe," na najua kwamba alilea watoto sita katika ngazi hiihii. Namheshimu, na kwa mambo mengi nafuata kauli yake: mtoto wangu huchezea maji, hupanda mito, hufungua sufuria zote za jikoni akazipiga kama ngoma. Wembe, hata hivyo, hukata kidole, na kidole hupona. Mtoto akiporomoka vidato 18 vya mawe huenda asipate nafasi ya kujifunza lolote kutokana na anguko hilo.

Kasoro zipo. Masika yalipoingia mbao zilivimba kwa unyevu, komeo likawa gumu hata mimi nikalazimika kulisukuma kwa bega. Fundi alirudi akapiga randa kidogo bila kudai malipo. Pia kigeti ni kizito, na mgeni asiyekizoea hukiacha wazi. Nililipa shilingi 95,000, karibu mara mbili ya kile cha chuma, na sijutii.

Vigeti vya viwandani kwa kawaida hukusudiwa watoto wasiozidi miaka miwili, ndiyo maana nilitaka hiki kiwe na kimo cha sentimita 90. Hata hivyo, mwezi uliopita binti yangu aliburuta kigoda kutoka jikoni, akakiweka chini ya kigeti na kuinua mguu. Nilikuwepo. Tangu siku hiyo vigoda vyote hulala chumbani kwetu, na kila alasiri mimi naye tunashuka ngazi pamoja, yeye akishuka kinyumenyume huku mikono ikishika kidato, mpaka tufike kwa yule paka.