Kipima umeme cha kuchomeka ukutani: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwa miaka mingi vita vyetu dhidi ya bili ya umeme vilikuwa vita vya taa na chaja za simu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka usiku nikichomoa chaja na kuwagombeza watoto, na mwisho wa mwezi bili ilikuja vilevile. Ndipo nikanunua kipima umeme, nikitaka kujua kwa hakika umeme unaishia wapi.

Kifaa chenyewe hutosha kiganjani: nyuma kina plagi, mbele kina soketi na kioo cha tarakimu. Unakichomeka ukutani, unachomeka friji au televisheni juu yake, nacho kinaonyesha wati zinazotumika wakati huo pamoja na jumla ya uniti tangu kipimo kilipoanza. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima, na hapo ndipo nilipokosea siku ya kwanza. Birika la umeme lilinionyesha wati 2,000 nikashtuka, lakini baada ya dakika nne lilijizima likiwa limekula uniti 0.13 tu. Wati kubwa kwa muda mfupi si hoja. Anayekumaliza ni yule anayevuta kidogo kidogo mchana na usiku.

Chaja ya simu isiyo na simu ilisoma sifuri, maana umeme wake ni mdogo kuliko kifaa hiki kinavyoweza kupima. Nikawaomba watoto radhi. King'amuzi, kwa upande mwingine, nilikizima kwa rimoti, taa yake ikageuka nyekundu, na kipimo kikabaki kwenye wati 14. Wati 14 kwa saa 8,760 za mwaka ni zaidi ya uniti 122, zinazoliwa na kifaa ambacho sote tuliamini kimelala. Sasa kinazimwa ukutani.

Friji ndiyo iliyonipa kazi. Haipimwi kwa kutazama wati za papo hapo, kwa kuwa kompresa huwaka na kuzima. Ni lazima uiache kwenye kipimo kwa saa 24 kamili, na mimi niliiacha siku mbili mbili ili niwe na uhakika. Wastani ulikuwa uniti 2.4 kwa siku, kiasi ambacho kwa friji ya ukubwa ule nilikiona kingi mno. Nikabana karatasi kwenye mlango, nikaufunga na kuivuta: upande wa juu ilikataa kutoka, lakini chini, karibu na bawaba, ilichomoka bila kushikwa na chochote. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa. Nilibadilisha mpira, nikayeyusha barafu iliyokuwa nene kama kidole, nikaisogeza friji mbali na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea, kisha nikapima upya: uniti 1.5. Sikununua friji mpya, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuzitazama.

Mapungufu yake si madogo. Kubwa kuliko yote ni kwamba hakiwezi kupima kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye nyaya za nyumba, na hita yetu ya maji ni mojawapo. Ilinibidi nizime kila kitu, nisome mita kubwa ya nyumba, kisha niiwashe hita peke yake. Kupasha lita 50 za maji kwa nyuzi 30 huhitaji takriban uniti 1.7 kwa kanuni za fizikia, kwa hita yoyote ya kawaida ya koili, kwa hiyo uniti 1.9 nilizozisoma hazikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilipoiacha ikiwaka siku nzima bila mtu yeyote kuoga, ilikula uniti nyingine 1.2 kwa kurudisha tu joto lililokuwa likipotea kupitia kuta za tangi. Tangu hapo tunaiwasha saa moja kabla ya kuoga na kuizima.

Jambo la pili ni kioo. Hakina mwanga, na soketi ya friji iko nyuma yake karibu na sakafu, hivyo nimesoma vipimo vingi nikiwa nimelala kifudifudi na tochi mdomoni. La tatu, betri ndogo ya kutunza kumbukumbu ilikufa mwezi wa tano; ukikichomoa kabla ya kuandika, kipimo cha siku mbili kimepotea. Angalieni pia kiwango cha ampea, yaani mkondo mkubwa zaidi wa umeme ambao kifaa kinaweza kubeba, kilichoandikwa mgongoni, na msikiache kikibeba hita ya chumba kwa saa nyingi kama plagi inapata moto.

Kwa mwenye nyumba yenye vifaa vitatu au vinne tu, ningesema aazime badala ya kununua, kwani ukishapima kila kitu mara moja kifaa hiki hukaa kabatini. Changu kwa sasa kiko kwa shemeji yangu, anayeituhumu friji yake. Nimempa pamoja na kalamu na daftari, kwa sababu ya ile betri.