TAHADHARI: Muuzaji wa magobore mtandaoni, wimbo wake ni "masizi tu hayo"

Ndugu zangu mnaowinda huku Marekani, hasa mnaojiandaa na msimu wa gumegume (gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe) wa Pennsylvania baada ya Krismasi, kuna mtu anauza mtandaoni magobore yaliyotumika, yaani bunduki za kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Jina silitaji, kwanza hubadilisha kila akilalamikiwa. Mbinu ndiyo haibadiliki.

Kwenye picha gobore linapendeza: kitako kimesuguliwa, mtutu unang'aa, ndani kapaka mafuta mazito. Likifika, risasi ya kwanza inashuka bila shida. Ya pili unaishindilia kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, inakwama karibu kabisa na inapokaa baruti. Unamwandikia, anajibu haraka na kwa upole: "Masizi tu hayo kaka, baruti nyeusi ndivyo ilivyo." Anakuuzia chupa ya dawa. Dawa isiposaidia anakupa kazi nyingine: loweka usiku kucha, badilisha vitambaa, jaribu baruti nyingine. Wewe unasugua, yeye anahesabu siku. Muda wa kudai pesa kupitia kadi ukishapita, namba yako imefungiwa. Jamaa yangu kalizwa hivyo hivyo. Tulipoingiza kamera ndogo ya waya mtutuni tukakuta vishimo vya kutu vimejaa kote nyuma.

Uongo wake unaingia kwa sababu nusu yake ni kweli. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, inabaki ndani kama masizi na chumvichumvi za potasiamu, ambazo hufyonza unyevu wa hewa na kulisha kutu. Baruti mbadala nazo zina vituko vyao: Triple Seven inajulikana kwa kuacha pete ngumu hapo hapo mbele ya baruti. Kwa hiyo hata mzoefu anaweza kukubali maelezo yake.

Kinachomuumbua ni maji. Chumvi hizo huyeyuka. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni: kama ni masizi kitatoka cheusi, kinachofuata kijivu, na mdeki utaanza kuteleza. Vishimo vya kutu havijali maji. Kitambaa kitakwaruzika pale pale kila mara, kitoke kimenyofoka nyuzi, na ukiacha mtutu mkavu mpaka kesho kitambaa kipya kinatoka na rangi ya kahawia. Angalizo moja: masizi ya Blackhorn 209, baruti mbadala nyingine, hayaondoki kwa maji, yanataka dawa ya kusafishia bunduki za kawaida. Muulize muuzaji alikuwa anapigia baruti gani. Huyu wetu kila mteja anampa jibu lake.

Hiyo chupa nayo inanuka oili ya gari. Mafuta ya aina hiyo yakikutana na masizi ya baruti nyeusi yanakuwa uji mzito kama lami, kwa hiyo "dawa" inaongeza ugonjwa aliokuja kuutibu. Maji ya moto na sabuni ya vyombo vinatosha, kisha kausha vizuri na upake mafuta mepesi.

Mtu kama huyu anapata mwanya kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huyaweka magobore mengi kwenye kundi la silaha za kale, hivyo yanatumwa bila kupitia duka lenye leseni. Majimbo mengine yana masharti yao, lakini kwa kawaida hakuna fundi anayelitazama kabla halijakufikia. Dai video ya ndani ya mtutu, taa ndogo ikiwa imedondoshwa chini, baada ya kupitisha kitambaa kikavu mbele ya kamera ili mafuta yatoke. Akileta hadithi, ondoka.

Na likifika, kabla hujaweka fataki (kile kifuniko kidogo cha kuwashia) wala kuchokonoa kitu, ingiza mdeki mpaka mwisho, weka alama, utoe uulinganishe na urefu wa mtutu kwa nje. Ukiishia mbali na tundu la moto, pale moto unapoingilia kwenye baruti, chukulia kuwa bado lina baruti na risasi ndani na ulipeleke kwa fundi.

Kama umeuziwa na huyu jamaa na muda wa kudai haujapita, acha kusugua. Piga picha vitambaa, hifadhi ujumbe wake wote, na ufungue malalamiko kwa kampuni ya kadi leo.