Kompyuta ya Kuchorea Ramani kwa Bajeti Ndogo Mombasa: Ipi Uchukue, Ipi Uiache Dukani

Ukimwambia muuzaji kwamba unataka kompyuta ya kuchorea ramani, mara nyingi atakupeleka moja kwa moja kwenye mashine ya gemu yenye kioo ubavuni na taa za rangi. Si lazima awe na nia ya kukuibia. Hajui tu kwamba AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, na gemu haziitumii mashine kwa namna moja. Mwongozo huu nauandika kwa mwanafunzi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), Tudor, kwa fundi anayechora mageti na ngazi za chuma, na kwa yule anayechorea watu nyumba za Bamburi na Mtwapa akiwa chumbani mwake. Bajeti ni shilingi elfu themanini, monita kando. Bei ya kila kifaa sitaitaja, kwa sababu hupanda na kushuka na dola na kila mzigo mpya unapoingia.

Kwanza tujue nguvu inahitajika wapi. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ndani yake mna kore, yaani wafanyakazi wanaogawana kazi. AutoCAD hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kore moja. Ukizungusha mchoro, ukikata mstari au ukifungua faili la ghorofa nzima, kore hiyo moja ndiyo inayotoka jasho huku nyingine zimekaa. SolidWorks (ya vipuri na mashine) na Revit (ya majengo) nazo ni hivyo kwa kiasi kikubwa wakati wa kuunda modeli. Ua moja la mlango wa Lamu halichongwi na mafundi kumi na wanne kwa pamoja. Unamtaka fundi mmoja mwenye mkono mwepesi. Kwa hiyo uliza gigahezi, yaani kasi, za kore moja kabla ya kuuliza idadi ya kore. Kore nyingi zina siku yao, nayo ni siku ya kurenda, yaani kuugeuza mchoro kuwa picha halisi ya kumwonyesha mteja.

Baada ya prosesa ni RAM, kumbukumbu inayobeba mafaili uliyoyafungua. Gigabaiti 16 ndizo za kuanzia, na anayetumia Revit alenge 32. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, wenyewe hukadiria kwamba modeli ya Revit inahitaji RAM karibu mara ishirini ya ukubwa wa faili lake, yaani faili la megabaiti 300 linakula gigabaiti 6 peke yake, kabla hujafungua kivinjari na WhatsApp. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde. Jambo hili limebadilisha hesabu zangu: mashine iliyotumika ambayo tayari ina RAM ya kutosha ndani yake sasa ina thamani kuliko zamani.

Kadi ya grafiki, inayochora picha kwenye skrini, ninaiweka ya tatu, na hapo ndipo nisipokubaliana na wauza gemu. Kwa michoro ya pande mbili, grafiki iliyomo ndani ya prosesa inatosha kabisa kuanzia. Kwa modeli za pande tatu za wastani, kadi ndogo ya gigabaiti 4 inabeba kazi.

Sasa mpangilio wangu.

1. Mashine ya kazi ya ex-UK (iliyotumika Uingereza), prosesa ya kizazi cha 8 au 9, kasha kubwa la kusimama

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Tafuta HP Z2 G4 au Dell Precision 3630, yenye prosesa ya Intel Core i7-8700 au i7-9700; tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. i7-8700 ina kore sita na inafika gigahezi 4.6, kasi ambayo AutoCAD inaipenda. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za wahandisi, zina bodi imara na nafasi ya kuongeza RAM, diski na kadi. Unanunua msingi, halafu unajenga juu yake kadiri wateja wanavyolipa.

Kizazi cha 8 sikukitaja kwa bahati. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho. Duka litakuonyesha HP Z240 ya kizazi cha 6 kwa bei tamu. Mashine yenyewe ni nzuri, ila unanunua kitu ambacho Microsoft imeshakifungia mlango.

Hakikisha unachukua kasha kubwa. Yale makasha membamba yana pawa saplai ndogo na yanakubali kadi fupi tu. Tena HP na Dell hutumia viunganishi vyao wenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida ya dukani huenda isiingie. Mwambie muuzaji afungue ubavu, usome wati kwenye lebo kabla ya kulipa.

Kadi ya kuongeza: Quadro P1000 yenye gigabaiti 4, inayotumia wati 47 tu, au T1000 ya wati 50 ukiipata kwa bei ya haki. Zote mbili hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Anayetumia SolidWorks ndiye hasa anayefaidika na kadi za aina hii, kwa kuwa programu hiyo ina orodha ya kadi zilizoidhinishwa, na mwonekano wake wa RealView unazitegemea.

2. Mashine mpya unayoiunda mwenyewe, Core i5-12400 (kizazi cha 12)

Kwa kasi ya kore moja, hii inaishinda ya kwanza: kore sita, gigahezi 4.4, na muundo mpya unaofanya kazi zaidi kwa kila mzunguko. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bajeti peke yake. Ukishalipia bodi, RAM, SSD (diski ya kasi) ya NVMe ya gigabaiti 500, pawa saplai ya kuaminika na kasha, elfu themanini inakaribia kwisha na kadi bado hujaigusa.

Kwa hiyo usichukue i5-12400F. Herufi F ina maana kwamba haina grafiki ndani, na bila kadi huoni kitu kwenye skrini. Chukua isiyo na herufi, uchore kwa grafiki yake, kadi ije baadaye. Bodi ya H610 inatosha, ingawa nyingi zina nafasi mbili tu za RAM. Ukiweka vijiti viwili vya 8, siku ya kwenda 32 utavitoa vyote. Pawa saplai usiibanie. Ile isiyo na jina inayotupiwa ndani ya kasha kama zawadi ndiyo inayoua bodi siku umeme unaporudi kwa kishindo.

Hii inapanda kuwa ya kwanza kwa mtu mmoja: anayerenda kwa Lumion, Enscape au Twinmotion. Programu hizo huishi kwenye kadi ya grafiki, na siku moja utataka RTX 3060 ya gigabaiti 12, inayokula wati 170. Mashine unayoijenga mwenyewe itaipokea bila ubishi.

3. Kompyuta ya ofisi, OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye nusu ya bajeti, yenye i5-8500 na RAM 16 inatosha kwa michoro ya pande mbili. Chukua kasha kubwa hapa pia.

4. HP Z440 na nduguze wenye Xeon (prosesa za Intel za seva na mashine kubwa za kazi)

Inashawishi sana: kubwa, nzito, RAM tele. Lakini Xeon E5-1650 v3 inaishia gigahezi 3.8, na E5-2680 v4 yenye kore 14 inaishia 3.3. Ukichora utaona inaburura. Inamfaa anayerenda kwa prosesa usiku kucha, na mwenye kulipa bili ya stima bila kunung'unika.

5. "i7" ya kizazi cha 2 hadi cha 4

Iache dukani, hata ikiwa na kadi ya gemu na taa. Jina i7 halisemi lolote bila kizazi chake. Core i3-12100 ya kore nne inaiacha mbali.

Ukienda kununua, beba faili lako zito kuliko yote kwenye flashi. Lifungue palepale, lizungushe, lipe dakika kumi na tano huku ukisikiliza feni. Fungua programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Ingia BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe haina nenosiri la kampuni iliyoitumia zamani, kwa sababu kulitoa ni shida. Angalia skrubu na bati la nyuma: zikiwa na kutu, mashine imekaa kwenye unyevu, na kilichokula bati kimegusa bodi pia. Warranti iandikwe kwenye risiti, ikiwa na muhuri. Ukiagiza Nairobi na mzigo ukaja kwa basi, omba kadi ya grafiki itolewe na ifungwe peke yake, maana mtikisiko wa safari nzima unaweza kuvunja nafasi yake kwenye bodi.

Pwani ina gharama zake. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, chumba kisicho na AC kinapika mashine, na hewa ya chumvi haipumziki mwaka mzima. Usiisukume kasha ukutani, usiiweke chini ya dirisha linalotazama bahari, na itoe vumbi kwa kuipuliza mara kwa mara. Mashine inayowashwa kila siku hukaa kavu kuliko inayofunikwa kitambaa miezi mitatu.

Sehemu moja ya kumi ya bajeti itengee UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, yenye kirekebisha volti ndani yake. Ya VA 650 inatosha mashine ya kwanza pamoja na monita, ikikupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kisha ndani ya AutoCAD andika SAVETIME, amri ya kujihifadhi kwa faili, ubadilishe dakika 10 za kawaida ziwe 5.

Monita: Dell U2412M ya ex-UK, inchi 24, pikseli 1920 kwa 1200. Kimo hicho cha ziada kinasaidia kwenye ramani.

Programu nazo zina bei, wala usiziache nje ya hesabu. Autodesk huwapa wanafunzi leseni ya bure ya kujifunzia, lakini kazi ya mteja anayelipa hairuhusiwi humo. LibreCAD ni ya bure kwa pande mbili, na FreeCAD, iliyofika toleo la 1.0 Novemba 2024, ni ya bure hata kwa biashara. Programu za kuvunjwa, yaani zisizo na leseni halali, zinazouzwa kwenye flashi mara nyingi huja na virusi vinavyofunga mafaili, na mafaili hayo ndiyo ramani za wateja wako.